Msaada wa kisheria Mwanza: nilivyowaona mimi

Wakili wa kwanza tuliyemfuata mjini alitaka laki nane kabla hata ya kusoma karatasi, nikamwambia shemeji twende zetu. Jirani wa Igoma ndo akatuelekeza kwa hawa wasaidizi wa kisheria, wanasikiliza bure kabisa, ila uwahi, maana mimi nilifika saa mbili nikakuta foleni hadi nje na benchi moja tu, na shemeji mkono bado una bandeji.

Yeye alikatwa vidole kiwandani kwenye samaki, bosi akampa elfu hamsini eti pole. Dada wa pale akacheka kwa uchungu akatuambia hiyo siyo fidia, kuna WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mchango anatoa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata mia, na kudai hauhitaji wakili. Akatuandikia barua, akatuambia tukusanye karatasi za hospitali na mkataba. Hapo nawapa tano kwa tano.

Ya kwangu ya talaka ndo ilizunguka. Nilijua naenda mahakamani moja kwa moja, kumbe Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka upite kwanza baraza la usuluhishi la kata upewe hati kwamba wameshindwa kuwapatanisha. Sasa hili si wangeniambia siku ya kwanza jamani? Nimepanda daladala mara tatu kwa ajili hiyo. Ila matunzo ya watoto walinisaidia kuyaombea ustawi wa jamii bila kungoja talaka, na baba mtu ameitwa Jumatatu.

Nenda na kopi zako, pale hawatoi.