Kwilti "ya mkono" yenye mshono wa cherehani: yaliyonikuta Lancaster

Kikaratasi cha bei kimeandikwa "kazi ya mkono", dola 850, na mgongoni mwa kwilti (blanketi la matabaka matatu: viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini) mshono wa cherehani umenyooka kama reli. Hilo nimeligundua nimeshalipa. Muuzaji, ambaye hata salamu hakuitikia, akanijibu bila kuinua macho kwamba kilichouzwa hakirudi. Duka liko barabara ya 30, kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, kule kwenye maduka ya watalii. Jina silitaji, ingawa mkono unaniwasha.

Na sisi watu wa Mara, Wamennonite, wale Wakristo wa kimisheni, si wageni kwetu: waliofika Shirati mwaka 1934 walitumwa kutoka hukohuko Lancaster. Labda ndiyo maana niliamini haraka hivyo.

Basi unayekwenda, usizubaishwe na picha mlangoni ya farasi na kigari cha Waamish, Wakristo wa huko, ndugu wa Wamennonite, wasiomiliki magari. Pindua kona ya kwilti utazame mgongo. Mshono wa mkono ni kimstari, pengo, kimstari, pengo, pande zote mbili. Wa cherehani haukatiki, kila kishono kinaanzia kwenye tundu la mwenzake. Weka rula: fundi hodari wa mkono hufikisha mishono 8 hadi 10 kwa inchi, na hata yeye haimtoki sawasawa yote. Fundo lake hulioni, kalivuta likazama kwenye pamba ya katikati. Ukikuta mwisho wa mstari uzi umerudiwa mbele na nyuma, hiyo ni mashine, usibishane. Ila usimgombeze mtu kwa sababu viraka vimeunganishwa kwa cherehani. Hilo ni la kawaida hata kwa Waamish, wana zao za kukanyaga kwa miguu. Unacholipia ni kule kushona yale matabaka matatu yashikane.

Nilitaka kulipatia eneo zima nyota moja. Ningekuwa mwongo. Acha barabara ya 30, shika ya 340 kuelekea Bird-in-Hand na Intercourse, kisha ingia njia za mashambani ufuate vibao vilivyoandikwa kwa mkono: mayai, kwilti, root beer (soda yao ya mizizi). Hapo unanunua nyumbani kwa mtu, na ukiuliza nani kaishona, unatajiwa. Beba pesa taslimu. Waamish usiwapige picha. Jumapili usijisumbue, wamefunga.

Na pai ya shoofly, pai ya molasi ya huko, dai ile yenye unyevu chini: juu unga wa chembechembe, katikati keki, chini molasi inanata kwenye uma. Ile kavu inataka chai ndipo ishuke.

Nyota nne, basi. Au tatu, maana kila nikitandika kitanda nauona ule mshono.