Kutifua au Kufunika Udongo Wakati wa Baridi

Mboga za mwisho zikishavunwa, mkulima wa bustani katika nchi zenye baridi kali huwa na njia mbili za kuutunza udongo mpaka majira ya kuchipua: kuutifua na kuuacha wazi, au kuufunika kwa mboji bila kuugusa kwa jembe.

Kutifua kunafaa hasa kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, kwa sababu maji yaliyomo ndani ya mabonge hutanuka yanapoganda na kuyapasua, hivi kwamba bonge lililokuwa gumu kama tofali huvunjika kwa kuguswa tu na reki. Ndege nao hufaidi mabuu yaliyofukuliwa. Hata hivyo, kazi hii ni ya mwanzoni mwa baridi, na udongo ukinata kwenye viatu ni afadhali kuiahirisha, kwani kuukanyaga ukiwa umelowa huushindilia.

Kufunika kwa tabaka la mboji la sentimita 5 hivi kunaokoa mgongo (jambo ambalo vijana hulidharau), kunazuia mvua isisombe rutuba, na kunawaachia nyungunyungu kazi ya kuivuta mboji hiyo chini. Mbegu za magugu zilizozikwa pia hubaki gizani. Kasoro yake ni kwamba konokono hupata maficho, hasa tabaka likiwa la majani makavu au nyasi.

Kwa udongo mwepesi wa kichanga, mimi nisingeshika jembe kabisa; mfinyanzi ulioshindiliwa ningeutifua mara moja, kisha miaka inayofuata niufunike.