Plau la diski tatu kwenye mashamba ya Dodoma: linapofaa na linapoharibu

Kwa pori jipya lenye visiki, hakuna kifaa cha trekta kinacholishinda plau la diski. Kwa shamba la kichanga lililokwisha kulimwa misimu mitano mfululizo, ni kifaa kisichofaa, na kinaendelea kukodishwa kwa sababu ndicho kilichofungwa nyuma ya trekta lililofika kijijini. Hiyo ndiyo hukumu yetu, na maelezo yake ni haya.

Tunalolipima ni lile la kawaida: diski tatu, yaani sahani za chuma, za inchi 26 (sentimita 66), fremu nzito, gurudumu dogo la chuma nyuma, linalofungwa kwenye mikono mitatu ya trekta la nguvu za farasi 65 hadi 75, rika la Massey Ferguson 375. La diski mbili linatosha trekta la farasi 45 au 50. La diski nne ukilifunga kwenye trekta la 75 utakuwa unaunguza dizeli na klachi kwa pamoja.

Jambo la kwanza la kuelewa ni uzito. Plau la ng'ombe lina ncha inayojivuta chini lenyewe likishaanza kwenda. Diski haina ncha. Inaingia ardhini kwa kulemewa na uzito wa plau zima, na ndiyo maana plau zuri la diski tatu hufika kilo 350 na kuendelea. Jepesi, lililochomelewa kwa bomba jembamba ili bei ishuke, litakwangua tu ardhi ya Chamwino ya mwezi wa kumi na kuacha michirizi. Hapo ndipo utaona mtu ameambiwa akae juu ya fremu ili liingie. Usikubali hilo shambani kwako hata kwa dakika moja: plau likigonga kisiki linaruka, na aliyekaa juu anaangukia mbele ya diski. Kama uzito haupo, vifungwe vyuma kwenye fremu kwa bolti, au isubiriwe mvua.

Sasa sifa zake. Diski inazunguka. Ikikutana na mzizi wa mkole au kisiki cha mgunga kilichokatwa chini, inakipanda, inashuka upande wa pili na kuendelea. Plau la bapa, lenye ubao wa chuma usiozunguka, hapo lingevunja ncha au kupinda boriti. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa mashamba ya mpunga ya Bahi, tope linalonata kwenye diski linakwanguliwa na skrepa kila mzunguko, ilimradi skrepa ipo na imekaa karibu na diski bila kuigusa. Na kwenye udongo unaosaga chuma, diski inalika taratibu kwa sababu ukingo wote unagawana kazi. Kongwa wanaujua vizuri udongo wa namna hiyo: mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, ulikuta huko ardhi inayokwangua vyuma ikiwa na unyevu na kuwa ngumu kama saruji ikikauka. Udongo huo haujabadilika tangu wakati huo.

Kasi yake ni ya wastani. Diski tatu hukata upana wa sentimita 75 hadi 90. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza, unapata robo tatu ya ekari kwa saa au kidogo zaidi. Dereva anayekuahidi ekari mbili kwa saa kwa diski tatu ama anakimbia, ama anaruka vipande. Na kukimbia kuna adhabu yake: mwendo ukizidi, udongo unaisukuma diski juu, kina kinapungua, na kila kitu kinaonekana kimelimwa kumbe juu juu tu. Chimba kwa mkono kwenye mfereji wa mwisho ulioachwa na plau na upime kwa rula. Chini ya sentimita 18, mwambie apunguze gia.

Mengi yanayolaumiwa kwa plau ni makosa ya kurekebisha. Fremu ikitazamwa kutoka nyuma inatakiwa ilale sambamba na ardhi wakati gurudumu la kulia la trekta liko ndani ya mfereji, na hilo hurekebishwa kwa mpini wa mkono wa kulia wa kunyanyulia. Ukitazama kutoka pembeni, diski ya mbele na ya nyuma zinatakiwa ziende kina kimoja. Ya mbele ikizama na ya nyuma ikielea, toplinki, yaani mkono wa juu unaofunga plau kwenye trekta, imefupishwa mno. Kinyume chake, irefushwe kidogo kuliko inavyopaswa, na diski ya mbele itakuwa inakwaruza tu. Zungusha nusu mzunguko, lima hatua ishirini, shuka utazame tena. Wengi hawashuki.

Kuna pembe mbili kwenye diski yenyewe. Moja ni jinsi ilivyogeuzwa kuelekea mwendo wa trekta, kawaida nyuzi 42 hadi 45. Nyingine ni jinsi ilivyolazwa kwenda nyuma, nyuzi 15 hadi 25. Ardhi ikiwa ngumu, isimamishe zaidi, yaani punguza ulalo ufike karibu na 15. Maplau mengi yana matundu ya ziada kwenye shingo ya diski kwa kazi hiyo. Fundi anayefunga diski zote kwenye tundu la katikati mwaka mzima, mbuga iwe na kichanga kiwe, hajui alichokishika.

Gurudumu la nyuma nalo hudharauliwa. Diski zinatupa udongo kulia, kwa hiyo zinalisukuma plau zima kushoto, na gurudumu hilo ndilo linalobeba msukumo huo kwa kukanyaga ukuta wa mfereji. Likilika ukingo wake au springi ikilegea, plau linatembea upande, usukani wa trekta unavuta, na mistari inapinda. Dereva atasema tairi zina shida. Kalitazame gurudumu kwanza.

Tuje kwenye madhara. Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, msimu mmoja tu, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingi jua huchoma katikati, mwezi wa pili. Mkulima wa hapa anashindania maji, na plau la diski linapoteza maji kwa njia mbili. Linageuza udongo wenye unyevu na kuuanika. Na linaacha mabonge ambayo lazima yavunjwe kwa haro, mara moja au mbili. Kwenye kichanga chekundu, haro mbili juu ya plau hugeuza udongo kuwa unga. Mvua ya kwanza ya nguvu inaupiga, unaganda ukoko, na alizeti inayochipua inakunja shingo chini ya ukoko huo na kufa. Halafu mbegu ndiyo inalaumiwa.

Baya zaidi haliko juu. Plau likipita kina kilekile kila mwaka, na tairi la trekta likikanyaga ndani ya mfereji kila mzunguko, sentimita 20 na kitu chini hujengeka tabaka gumu. Kulipima hakuhitaji mtaalamu: siku mbili baada ya mvua nzuri, chukua nondo ya milimita 8 uichomeke kwa mikono. Ikishuka vizuri halafu igome ghafla mahali palepale kila unapojaribu, umelipata. Au ng'oa mche wa alizeti wa wiki sita kwa kuuchimba pembeni. Mzizi mkuu unatakiwa ushuke wima. Ukiona umeshuka, kisha umekata kona kama herufi L na kutambaa, mmea huo mwezi wa pili hauwezi kufika kwenye maji yaliyo chini ya tabaka, hata kama yapo.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa shamba lililokwisha kusafishwa ni ripa, si plau. Ripa inachana mistari kwa kina bila kugeuza, maji yanashuka kwenye mchano, mbegu inapandwa humohumo, na mafuta yanapungua kwa sababu hujalima eneo lote. Wagogo waliopanda kwa kuberega, bila kulima kabisa, walikuwa wanatunza nguvu kazi na muda, ila waliacha ardhi imefunga. Ripa iko katikati ya hayo mawili. Upungufu wake ni magugu: hayageuzwi, na palizi ya kwanza lazima iwahi. Lakini hata plau halimalizi magugu. Ndago na sangari zikikatwakatwa na diski, kila kipande kinaota upya, na shamba la mwaka wa pili linakuwa kijani kuliko la kwanza.

Kwenye miteremko, kama ya Kondoa na Mvumi ambako serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973 kwa sababu ya mmomonyoko, angalia mfereji wa mwisho unaobaki wazi katikati ya shamba baada ya kulima kwa mzunguko. Ukielekea bondeni, msimu mmoja unatosha kuufanya korongo. Lima kukatisha mteremko na uuzibe.

Wanunuzi wa mtumba wafanye hivi kabla ya kulipa. Plau linyanyuliwe, kisha shika kila diski juu na chini uitikise. Ikicheza, beringi zimeisha au zimelegea. Ukisikia mkwaruzo ukiizungusha, oili sili ilikufa na mchanga uko ndani. Pima kipenyo: diski ya sentimita 66 iliyobaki 57 imemaliza kazi yake, hata ikiwa bado inakata. Zote tatu zilingane, kwani diski moja mpya kati ya mbili chakavu italima peke yake. Kwangua rangi mpya kwenye maungio ya fremu na shingo. Rangi nzito mahali hapo huficha ufa uliochomelewa.

Ukilinunua, kaza bolti zote za diski baada ya saa chache za kwanza za kazi, maana hulegea. Grisi kwenye habu, yaani kitovu cha diski, kila siku ya kazi, hadi ile chafu itoke. Msimu ukiisha, osha udongo wote, paka diski oili chafu ndani na nje, na uliweke juu ya mbao. Likiachwa limezama kwenye udongo nyuma ya nyumba hadi Novemba, siku ya kwanza shambani tope litanata kwenye kutu hadi diski zigome kuzunguka.