Mbwa anayeimba na vipande vya mbao: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Mwanangu ana mwaka na miezi minne, umri ule ambao kila kitu kinaonjwa kwanza ndipo kichezewe. Siku moja nilimnunulia vitu viwili: mbwa wa manyoya anayeimba ukimbinya tumbo, na boksi la vipande vya mbao vya kupanga.

Nianze na mbwa. Boksi lake lilikuwa na kile kialama cha uso wa mtoto uliopigwa mstari mwekundu, 0-3. Nilimuuliza muuzaji, akacheka: "Hiyo ni mambo ya akili tu mama, wako anaonekana mjanja." Nikakubali, nani hapendi kusifiwa mtoto? Kumbe alama ile haihusu ujanja hata kidogo. Inamaanisha kuna kitu kinachoweza kumdhuru mtoto wa chini ya miaka 3, mara nyingi vipande vidogo vya kumkaba. Halafu mdoli laini wa kukumbatia tangu lini ukawa wa wakubwa? Naona mtengenezaji alijikinga tu.

Nyumbani nikamgeuza. Mgongoni ana zipu, ndani kuna kidude cha sauti, na kifuniko cha betri kinafunguka kwa ukucha. Hakuna skrubu! Ndani kuna betri tatu bapa, kama za saa. Hapo ndipo niliposhtuka. Betri ya aina hiyo ikikwama kooni, mate yanapitisha umeme wake, na panapogusana na nyama panazalika kemikali kali inayounguza. Saa 2 zinatosha kuleta madhara makubwa. Hata iliyoisha nguvu kiasi cha kushindwa kuimbisha mbwa bado inaweza kuunguza. Na mtoto huenda asionyeshe chochote zaidi ya kutokwa mate, kukohoa au kukataa chakula. Ukishuku amemeza, usimtapishe. Kimbia hospitali apigwe eksirei.

Macho nayo ni ya plastiki, yamegundishwa. Nilipoyavuta, moja likalegea. Siku ya tatu nikaliokota chini ya mto. Mbwa huyu nyota 1, na hiyo ni kwa ajili ya manyoya, maana nimemfua mara nne na hajanyonyoka.

Vipande vya mbao ni habari nyingine. Nilivisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, rangi haikutoka. (Hilo halithibitishi kwamba rangi haina risasi, yale madini yenye sumu, maana risasi haionekani kwa macho, inapimwa maabara.) Kingo zimelainishwa vizuri. Kimoja tu kilichanika kidogo baada ya kugongwa sakafuni wiki nzima, nikakipiga msasa.

Kasoro yao ni ukubwa. Maabara hutumia kopo maalumu lenye upana wa milimita 31.7: kinachoingia chote humo hakimfai mtoto wa umri huu. Mimi natumia lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya chooni ikiisha. Ni pana zaidi kidogo, kwa hiyo linakosea upande wa usalama. Vipande vyote vilikwama isipokuwa viwili vya nusu duara, vikapita moja kwa moja. Nimevifungia kabatini pamoja na vigae vya sumaku vya dada yake, vile vya kuchezea vyenye sumaku ndani, ambavyo kimoja nilikikuta na ufa. Sumaku mbili zikimezwa zinaweza kutafutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Dada mtu alinuna siku mbili. Vipande vya mbao nyota 4.

Mbwa sikumtupa, mtoto alishamzoea. Nimemtoa kidude chote cha sauti, nikamshona mgongo kwa uzi mnene na kumtarizia macho meusi, moja limekaa juu kidogo ya lenzake. Mtoto bado anambinya tumbo na kusubiri. Dada yake ndiye anayeimba.