Dead by Daylight: kombolela yenye kulabu, na gharama zake

Aliyewahi kucheza kombolela gizani, au brikicho kama alikulia Nairobi, tayari anajua nusu ya sheria za Dead by Daylight. Mmoja anatafuta, wanne wanajificha, na aliyekamatwa anaweza kukombolewa na mwenzake. Hapa anayetafuta ana panga, na aliyekamatwa anatundikwa kwenye kulabu kama paja la ng'ombe buchani.

Behaviour Interactive, studio ya Montreal nchini Kanada, ililitoa gemu hili Juni 2016 likiwa na wauaji watatu tu. Mwaka huohuo akaingia Michael Myers, muuaji wa filamu za Halloween, na tangu hapo mlango haujafungwa: Silent Hill 2020, Resident Evil 2021, Sadako wa kisimani 2022, Alien na mwanasesere Chucky 2023. Ndiyo maana shabiki wa mambo ya kutisha ambaye hata si mtu wa magemu hujikuta analifuatilia. Habari za nani anaingia na nani anatoka huku zinasomwa kama dirisha la usajili wa mpira. Hukumu tuitoe mapema: gemu la msingi lina thamani ya pesa yake, duka lililo ndani yake lina mitego mingi kuliko ya muuaji Trapper, na mtandao wako ndio utakaoamua kama utalifurahia.

Tuanze na mechi yenyewe. Uwanja una jenereta saba, na manusura wanatakiwa kuwasha tano ili milango miwili ya kutokea ipate umeme. Jenereta moja, mtu mmoja, sekunde 90. Sasa piga hesabu: muuaji akimfukuza mmoja kwa dakika moja na nusu bila kumpata, na wale watatu kila mmoja akatulia kwenye jenereta yake, tatu kati ya tano zimekwisha. Hesabu hiyo ndiyo gemu lote. Wageni wengi hawashindwi kwa kukimbia vibaya. Wanashindwa kwa kujibanza kabatini wakisubiri hatari ipite, au kwa kurundikana watatu kwenye jenereta moja. Mkiwa wawili kazi inakwenda haraka zaidi, lakini kila anayeongezeka anapunguza kasi ya wenzake, kwa hiyo wa tatu anakaa pale huku angeweza kuwa anawasha nyingine.

Ukiwa unatengeneza, mlio mfupi unasikika kisha linatokea duara lenye sindano inayozunguka. Bonyeza sindano ikiwa ndani ya kipande kilichowekwa alama. Ukikosa, jenereta inalipuka, inapoteza asilimia 10 ya kazi, na muuaji anaoneshwa mahali ulipo. Kukosa huku mara nyingi si kosa la kidole. TV nyingi za sebuleni huchelewesha picha kwa sababu zinaipamba kabla ya kuionesha. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta hali ya gemu, iwashe. Hedifoni za Bluetooth nazo huchelewesha sauti, na ule mlio wa onyo ukifika umechelewa hauna faida. Tumia za waya, hata za bei ya chini. Bila hedifoni kabisa usijisumbue: mapigo ya moyo yanayokuambia muuaji yuko karibu (kwa wauaji wengi ni ndani ya mita 32), mguno wa aliyejeruhiwa, kunguru wanaoruka ukiwapita mbio, yote hayo ni taarifa. Kunguru wa gemu hili ni wambea kuliko wa Dar es Salaam.

Kosa jingine la mapema ni kuwasha jenereta za mbalimbali na kujikuta mmebakiza tatu zilizo jirani. Muuaji hana tena haja ya kuzunguka uwanja, analinda pembe moja tu. Tazama ramani tangu mwanzo, na kundi lililobanana livunjeni kwanza.

Kufukuzwa ndipo utamu ulipo. Wauaji wengi hutembea mita 4.6 kwa sekunde, na manusura akikimbia ni mita 4. Ukiwa umemtangulia mita 12 kwenye uwanja wazi, ndani ya sekunde 20 amekufikia. Kwa hiyo mbio za kunyooka ni kifo, unatakiwa kumzungusha. Chukua ukuta mrefu wenye dirisha upande mmoja na paleti ya mbao iliyosimamishwa upande wa pili. Muuaji anakuja, moyo unadunda, na mwanga mwekundu unatangulia mbele ya miguu yake. Mwanga huo ndio unaokuambia anatazama wapi: ukipinda kushoto, wewe kulia. Unamzungusha mara ya kwanza, mara ya pili, paleti hujaigusa. Mara ya tatu mwanga unapotea. Hajaondoka. Amegeuka na anakuja kinyumenyume ili mwanga uelekee upande usiouona. Mgeni hapo husimama kuchungulia, akala panga. Anayejua anaangusha paleti palepale: muuaji akiwa chini yake anapigwa bumbuwazi, akiwa upande wa pili atatumia sekunde mbili na ushei kuivunja, na hizo kwako ni mita tisa hivi. Dirisha nalo lina mwisho wake. Ukiliruka lilelile mara tatu katika ufukuzo mmoja, linazibwa.

Pigo la kwanza linakujeruhi na kukupa kasi ya ghafla kidogo huku muuaji akipangusa panga. Wengi huipoteza kasi hiyo kwa kuzunguka ukuta uleule ambao paleti yake imekwisha. Itumie kuhamia sehemu nyingine. Na kumbuka kwamba kukimbia kunaacha michirizi myekundu ambayo muuaji anaiona, kutembea hakuiachi. Ukishakata kona na yeye hakuoni, tembea.

Ukianguka pigo la pili unabebwa hadi kulabu. Usipokombolewa, hatua ya kwanza ni sekunde 70, ya pili 70 nyingine, na ukitundikwa mara ya tatu umekwisha papohapo. Mwenye jenereta iliyobakiza sekunde 15 aimalize ndipo aende kukomboa; sekunde 70 ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Muuaji anayesimama kando ya kulabu kumlinda mateka alikuwa kero ya miaka mingi, na sasa kuna kipimo kinachojaa kadiri anavyokaa karibu. Kikijaa, mateka anajinasua mwenyewe.

Mlango wa kutokea unafunguka kwa sekunde 20. Ukifunguka kabisa, saa ya mwisho inaanza kuhesabu dakika mbili, na atakayebaki ndani anakufa. Kwa hiyo kama kuna mwenzenu bado amening'inia, mlango ufungueni hadi ibaki chembe ya mwisho kisha mkono uondoke. Kazi iliyofanyika haipotei, mtamalizia kwa kugusa tu. Timu nyingi zenye mtu mmoja mwenye haraka zimemuua mwenzao hapa.

Upande wa muuaji tuupitie haraka. Anza na Wraith: anapiga kengele, anatoweka, anakaribia, anapiga kengele tena na kutokea. Yumo kwenye gemu la msingi. Trapper pia yumo na anaonekana rahisi, ila mitego yake ya chuma inahitaji kuijua ramani, na inanasa hata mguu wake mwenyewe. Nurse anapita kwenye kuta na ndiye anayeogopwa zaidi, lakini akitembea kawaida ni mita 3.85 kwa sekunde, chini ya mwendo wa manusura. Usiyezoea kuruka kwake utapitwa na kila mtu.

Sasa mtandao. Seva za gemu hili hazipo Afrika Mashariki, kwa hiyo mtu wa Mombasa au Mwanza anacheza na mashine iliyo ng'ambo. Pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, ikiwa kubwa, kinachoumia zaidi ni manusura: kwenye skrini yako umesharuka dirisha, kwenye skrini ya muuaji bado uko upande wake, na mara nyingi pigo lake ndilo linalohesabiwa. Wanaoita hilo udanganyifu wanakosea, ni safari ya data tu. Dawa si VPN, ambayo kwa kawaida inarefusha njia. Chomeka waya wa ruta badala ya Wi-Fi, zima upakuaji wa simu zote za nyumbani, na ruka mapema kuliko unavyodhani inafaa. Ikiwa bado mambo magumu, cheza muuaji. Upande huo unavumilia ucheleweshaji zaidi, isipokuwa Huntress na mashoka yake ya kurusha, ambayo yatawakera wenzako kwa kuwapata nyuma ya ukuta.

Na umeme. Ukikatika katikati ya mechi, gemu linahesabu umeikimbia mechi. Roboti inachukua nafasi yako kama ulikuwa manusura, na wewe unafungiwa kwa muda unaoongezeka kila unaporudia. Ulikuwa muuaji, mechi ya wote inaishia hapo. Kwenye mtaa wenye mgao, UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta na kompyuta ina faida kuliko mhusika yeyote wa kununua.

Kununua: Steam, duka la magemu ya kompyuta, bei ya kawaida ni dola 19.99, na punguzo huja mara kwa mara, hasa wakati wa maadhimisho ya Juni na msimu wa Halloween. Kadi pepe ya Visa ya M-Pesa inatosha kulipia. Tenga gigabaiti 50 za diski na RAM ya gigabaiti 8, na masasisho yapakue kwa bando la usiku, maana hayana huruma. Kwenye PlayStation ongeza gharama ya usajili wa PS Plus, kwa sababu bila huo huchezi na mtu mtandaoni. Hapo pia kuna shimo ambalo wengi huingia: kadi ya zawadi lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti, na diski ya Ulaya haipokei wahusika walionunuliwa kwenye duka la Marekani. Kabla ya kununua diski ya mtumba, tazama imetoka wapi. PC na konsoli zinacheza pamoja tangu 2020, na tangu 2024 unaweza kuhamisha maendeleo yako kati ya hizo kwa kuziunganisha na akaunti moja ya Behaviour.

Duka la ndani lina sarafu mbili za kuzijua. Vipande vinavyong'aa, Iridescent Shards, unavipata kwa kucheza, na vinanunua wahusika waliobuniwa na studio yenyewe. Auric Cells zinanunuliwa kwa pesa taslimu, na wahusika wa leseni, yaani wale wa kwenye filamu na magemu mengine, hawapatikani kwa sarafu nyingine. Mmoja huwa seli 500, sawa na dola 4.99. Tatizo ni kwamba wageni hununua sura ya mtu wanayempenda wakidhani wamenunua nguvu. Mhusika anakuja na uwezo tatu za kwake, na ili wenzake wazitumie unatakiwa kumpandisha kwa pointi za damu hadi ngazi ya 50 na kumvusha daraja: daraja la kwanza linawapa wote uwezo hizo kwa kiwango cha chini, la pili kiwango cha kati, la tatu kiwango cha juu. Ni kazi ya majuma. Kabla ya kutoa pesa, angalia Shrine of Secrets, kijiduka kinachobadilisha bidhaa kila wiki na kuuza uwezo moja moja kwa vipande.

Leseni nazo zinakwisha. Stranger Things iliondolewa dukani Novemba 2021, ikarudi 2023. Hellraiser iliondoka 2025. Aliyekwisha kununua anabaki na mhusika wake. Aliyesubiri punguzo alibaki na picha za wenzake. Hapa ndipo kufuatilia habari kunapolipa. Sura mpya, yaani furushi la wahusika wapya, hutoka kila baada ya miezi mitatu hivi, na toleo la majaribio hufunguliwa kwa wote kwenye Steam wiki kama tatu kabla. Ukisoma kwamba uwezo fulani umeimarishwa, subiri toleo kamili: namba za majaribio hubadilishwa sana, na kitu chenye hitilafu kubwa studio hukizima kwa muda hata baada ya kutoka. Uvumi wa fulani anakuja ambao hauna kipande cha video cha studio wala hauonekani kwenye toleo la majaribio, uchukulie kama tetesi za usajili za Julai.

La simu ni fupi. Toleo la Android na iOS lilifungwa Machi 2025 na seva zake zimezimwa. Faili la APK linalosambazwa kwenye magrupu kwa jina hilo, hata likifunguka, halina mahali pa kuunganishwa.