Mursik ya kibuyu au mtindi wa Yoba?

Mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin wa Kenya, huganda yenyewe kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Bakteria wa asidi laktiki na hamira hufanya kazi pamoja, ndiyo maana kila boma lina ladha yake. Ladha hiyo naipenda mno. Ila watafiti wameikuta na asetaldehidi nyingi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio, maradhi yanayosumbua sana Bonde la Ufa.

Mtindi wa Yoba, wa Uganda na Tanzania, huanza na maziwa yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, kisha chachu yenye bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus yoba 2012. Bakteria huyo anajulikana. Kwa watoto, kila siku, nachagua huu.