Merriam-Webster ya mtandaoni: jinsi inavyolieleza neno "loath"

Kamusi ya mtandaoni ya Merriam-Webster, ambayo imekuwa kwenye intaneti tangu mwaka 1996, nimeona vema kuipima kwa neno dogo linalosumbua kuliko kwa istilahi kubwa. Neno hilo ni "loath", kivumishi cha Kiingereza kinachomweleza mtu ambaye moyo wake haujaridhia kutenda jambo.

Fasili yake ni fupi: kutokuwa tayari kufanya jambo lililo kinyume na fikra za mtu, kisha linatajwa "reluctant" kuwa kisawe. Msomaji akiishia hapo atadhani maneno hayo mawili yanaweza kubadilishana kila mahali. Uzuri wa kazi hii umo katika maelezo ya visawe, ambamo wahariri wanatenganisha sababu za kusita: "hesitant" huzuiwa na hofu au mashaka, "reluctant" hana utayari, "averse" huepuka jambo kwa kulichukia, ilhali "loath" husita kwa kuwa jambo linapingana na maoni au mapendeleo yake. Laiti maelezo hayo yangewekwa juu kabisa, kwa maana ndiyo yanayomwezesha mtu kuchagua neno.

Matamshi yaliyorekodiwa nayo yana faida kubwa, kwa sababu "loath" huchanganywa mno na "loathe", kitenzi chenye maana ya kuchukia vikali, hata na Waingereza wenyewe. La kwanza huishia kwa sauti ya "thamani", la pili kwa sauti ya "dhahabu". Msemaji wa Kiswahili, akishasikiliza, hana sababu ya kuyakosea. Katika sentensi, kivumishi hiki kwa kawaida hufuatwa na "to" pamoja na kitenzi, kama vile "she was loath to leave", na hufaa zaidi katika maandishi rasmi kuliko katika maongezi ya kawaida.

Matangazo yanakera, ingawa ndiyo gharama ya huduma isiyolipiwa. Upungufu ulio mzito zaidi kwetu ni ule wa kamusi yoyote ya lugha moja: mfasiri atakimbilia "shingo upande", msemo unaomhusu mtu aliyekwisha kubali kwa kinyongo, ilhali aliye "loath" huenda hatimaye akakataa kabisa. Kwa msomaji wa Kiingereza cha kati na kuendelea ninaipendekeza bila kusita. Anayeanza atahitaji kamusi ya lugha mbili kando yake.